Kabla hujauza spika zako, zisogeze

"Fundi, habari za kazi. Miezi miwili iliyopita nilinunua spika ndogo za rafuni, zile zenye twita moja (kile kidude cha sauti nyembamba) na koni moja ya sentimita 13 ya besi na sauti za kati. Dukani zilinifurahisha mno, mwimbaji alisikika kama amesimama mbele yangu. Nyumbani mambo ni mengine. Besi inanguruma kwenye baadhi ya noti, kwenye noti nyingine haipo kabisa, na waimbaji wanasikika kama wanaimba ndani ya mtungi. Sebule yangu ni mita 4 kwa mita 3.5. Spika ziko kwenye rafu ya vitabu kwenye ukuta ule mrefu, zimesukumwa hadi mwisho, na moja iko karibu na kona. Kochi liko ukuta wa mbele yake, limegusa ukuta. Amplifaya ni ya wati 40 kwa kila upande. Fundi mmoja ameniambia wati hazitoshi, rafiki yangu anasema tatizo ni nyaya nyembamba, na mimi mwenyewe nafikiria kuziuza ninunue zile ndefu za kusimama sakafuni. Nishike lipi?"

Usishike hata moja kwanza. Nimesoma swali lako mara mbili, na maneno yaliyonipa jibu si yale ya wati wala ya nyaya. Ni "zimesukumwa hadi mwisho", na baadaye "limegusa ukuta". Najua unachokiogopa: kwamba dukani ulionyeshwa kitu kimoja ukabeba kingine, au kwamba spika ndogo ni udanganyifu na pesa imekwenda. Sioni dalili ya hayo. Ulichobeba ndicho ulichosikia. Ila dukani huenda zilikuwa juu ya stendi, mbali na ukuta, nawe ukasimama katikati ya chumba. Nyumbani umeziingiza kwenye shimo, kisha ukaenda kukaa mahali pabaya kuliko pote kwa kusikilizia besi. Nimefunga mitambo ya sauti katika nyumba nyingi, na malalamiko haya ya noti moja kunguruma na mwimbaji kuimba mtungini nimeyakuta mara nyingi kuliko spika mbovu.

Nikueleze kwanza kinachotokea, maana ukikielewa utaweza kujitibu hata ukihamia nyumba nyingine.

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde. Sauti nyembamba kabisa, tuseme ya mitetemo 10,000 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa sentimita 3.4 tu. Wimbi fupi namna hiyo hutoka kwenye twita likienda mbele kama mwanga wa tochi. Besi ya mitetemo 50 kwa sekunde (mafundi husema hezi 50) ina wimbi la karibu mita 7, refu kuliko sebule yako. Kwa wimbi la urefu huo, kasha la spika ni kama jiwe dogo mtoni, maji yanalizunguka tu. Koni inakutazama wewe, lakini besi inatoka pande zote, na nusu yake inaelekea nyuma.

Nyuma kuna ukuta. Spika ikiwa imeubana, besi inayorudi inachelewa kidogo mno, kwa hiyo inaungana na ile inayokwenda mbele na kuipa nguvu. Kwa hesabu za karatasini ukuta mmoja unaweza kuongeza hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye sauti za chini kabisa, na kona, yenye kuta mbili, huongeza zaidi ya hapo. Hii ndiyo sababu spika yako ya konani inavuma kuliko mwenzake, ingawa zimetoka kiwanda kimoja na kasha moja.

Sasa panda juu kidogo kwenye sauti za kati. Hapa kuna mtetemo mmoja ambao wimbi lake lina urefu mara nne ya umbali uliopo kati ya uso wa spika na ukuta wa nyuma. Wimbi hilo likienda ukutani na kurudi, linakuwa limechelewa nusu ya urefu wake. Linapanda wakati la mbele linashuka, yanauana. Uso wa spika yako uko kama sentimita 25 kutoka ukutani, na 343 ukiigawa kwa mita 1 unapata hezi 343. Hapo ndipo palipo na nyama ya sauti ya binadamu. Kwa hiyo chini umeongezewa, katikati umenyang'anywa, na juu ya hayo spika imeingia ndani ya tundu la rafu ambalo nalo lina mvumo wake kama kinywa cha chupa ukikipuliza. Mwimbaji ataachaje kusikika kama yuko mtungini?

Bado noti zinazonguruma. Wimbi ambalo nusu ya urefu wake, au nusu zake kadhaa kamili, zinaenea sawasawa kati ya kuta mbili, hugonga huku, likarudi, likagonga kule, likajipanda juu yake lenyewe mpaka likaonekana kama limesimama. Upana wa sebule yako ni mita 3.5, kwa hiyo mitetemo inayosimama kwa upande huo huanzia hezi 49, inayofuata ni hezi 98. Hiyo 98 si namba ya vitabuni tu. Gitaa la besi la nyuzi nne, uzi wake mwembamba ukipigwa bila kushikwa, hutoa hezi 98. Kila mpigaji akiupitia uzi huo, chumba chako kinaitika.

Na wimbi lililosimama lina mahali pake. Hilo la 98 lina nguvu ukutani na katikati ya chumba, ila kwenye robo ya upana, yaani sentimita 87 hivi kutoka ukutani, linakaribia kutoweka. Jaribu leo. Tafuta sauti ya majaribio ya hezi 98, au wimbo wenye besi inayokukera, uurudierudie, halafu tembea polepole kutoka kwenye kochi kuelekea spika. Utasikia besi ikinywea na kuvimba kila unapopiga hatua, ilhali hujagusa kitu. Watu wengi wakilisikia hilo kwa mara ya kwanza hunyamaza kidogo, kisha huacha kabisa kuzungumzia wati.

Lakini nisikwepe hoja za hao waliokushauri, maana walikutakia mema.

Wati. Tazama nyuma ya spika zako au kwenye karatasi yake, utaona namba ya usikivu, kwa spika ndogo mara nyingi ni desibeli 84 hadi 88. Maana yake ni sauti inayosikika umbali wa mita 1 kwa takriban wati 1. Tuseme yako ni 86. Ukikaa mita 3 hivi, spika mbili zikilia, kila moja kwa wati 1 tu, utapata kama desibeli 80 masikioni. Mazungumzo ya kawaida ni 60 na kitu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikilize kiwango cha desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki, kwa hiyo wati 1 tayari inakufikisha mahali pa kujiangalia. Ukitoka wati 40 ukaenda 80 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo. Ili masikio yahisi sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi. Amplifaya ndogo ina hatari moja ya kweli: ukiikamua kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi hukatwa, na sauti iliyokatwa hivyo inaweza kuunguza twita. Ukisikia mikwaruzo ukipandisha sauti, shusha. Mngurumo wa noti moja hautokani na hapo.

Nyaya. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba una ukinzani wa takriban ohmu 0.007 kwa mita. Kwa umbali wa mita 4, kwenda na kurudi, ni ohmu 0.06 hivi, mbele ya spika ya ohmu 8. Hata wa 1.5 unakutosha kwa sebule hiyo. Kama zako ni nyembamba kama uzi wa kushonea, badilisha, ni gharama ndogo. Usitegemee ziondoe mtungi.

Spika ndefu za sakafuni ndizo ninazokuomba uziogope kwa sasa. Nazipenda, nimezifunga kwenye vyumba vikubwa na zikaimba. Lakini tatizo lako ni chumba kinachokuza besi vibaya, na spika ndefu inaleta besi nyingi zaidi kwenye chumba hicho hicho, tena ni ngumu kuisogeza. Utakuwa umelipia mngurumo mkubwa zaidi.

Basi tuanze kazi. Tenga jioni moja, tafuta mtu wa kukusaidia kusogeza, na uwe na futi ya kupimia.

Kabla ya yote, angalia miunganisho. Nyekundu ya amplifaya iende nyekundu ya spika, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, koni moja inasukuma huku nyingine ikivuta, besi zinafutana na mwimbaji anakosa mahali pa kusimama. Kosa hili hata mafundi hulifanya. Kulithibitisha ni rahisi: weka sauti ya mtu mmoja anayezungumza, bila stereo (yaani spika zote mbili zitoe sauti ile ile), kaa katikati. Anatakiwa asikike akitoka hewani, katikati ya spika mbili. Akisikika ametawanyika huku na huku, geuza nyaya za spika moja usikie tena. Zima amplifaya kila unapozigusa.

Kisha kochi. Livute mbele sentimita 35 hivi, ili masikio yako, si mgongo wa kochi, yawe sentimita 60 kutoka ukutani. Kwa hesabu ya chumba chako, shinikizo la ile noti ya 98 litashuka hadi karibu nusu ya lilivyo sasa. Najua sentimita 35 ni nyingi kwenye sebule yenye watu wanaopita. Kama haiwezekani kila siku, weka alama sakafuni, ulivute unapotaka kusikiliza kwa dhati, ulirudishe ukimaliza. Hakuna kitu utakachonunua kitakachokupa badiliko kubwa kama hilo.

Halafu spika zitoke rafuni. Neno "za rafuni" limewaponza wengi. Lilianza kama maelezo ya ukubwa, watu wakalichukua kama anwani. Tafuta stendi mbili nzito, zisizoyumba, za urefu utakaoleta twita usawa wa masikio yako ukiwa umekaa. Kwa makochi mengi ni sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni. Uso wa spika uwe sentimita 60 kutoka ukuta wa nyuma. Kanuni ile ile ya kochi inafanya kazi hapa pia, kwa sababu spika iliyo ukutani inalilisha lile wimbi lililosimama kwa nguvu zote, na ukiisogeza, inalilisha kidogo. Lile shimo la sauti za kati, pale mawimbi yanapouana, halitatoweka, nisikudanganye. Litahama kutoka hezi 340 hadi 140 na kitu, mahali ambapo halimjeruhi sana mwimbaji. Hakuna sehemu ya chumba isiyo na dosari, unachagua ile unayoweza kuishi nayo.

Umbali kati ya spika na spika uwe karibu sawa na umbali kutoka kila moja hadi kwako. Kwa vipimo hivyo utapata mita 2.4 hadi 2.6, na kila spika itabaki na zaidi ya nusu mita kutoka ukuta wa pembeni. Umbali wa pembeni uwe sawa kushoto na kulia, hapo ndipo kona inapoacha kukupendelea upande mmoja. Mwisho zigeuze ndani kidogo. Anza zikiwa zinatazama mbele moja kwa moja, kisha uzigeuze kidogo kidogo kuelekea kwako huku ukimsikiliza mwimbaji. Zikikutazama kabisa usoni, sauti nyembamba huwa kali na kila mwimbaji husikika mahali pake hasa. Zikitazama mbele, muziki husikika umetandaa kwa upana zaidi, lakini mahali pa mwimbaji huweza kulegea. Hapa hakuna namba sahihi, masikio yako ndiyo hakimu. Sogeza kitu kimoja kwa wakati, sentimita 5 zinatosha kusikika, na ubandike utepe sakafuni kila unapopapenda.

Vipi kama rafu ndiyo nafasi pekee uliyo nayo? Nyumba ni ya wanaoishi humo, si ya spika. Basi zivute mpaka uso wake uwe sawa na ukingo wa rafu, au utokeze kidogo, ili sauti isigonge ubao mbele yake. Jaza vitabu pembeni na juu yake mpaka lile tundu lisiwe tundu. Weka vipande vya mpira au sponji nzito chini ili mtikisiko usiingie kwenye mbao. Iliyo konani ihamishie rafu ya mbali na kona, hata ikibidi zote mbili zikaribiane. Kama spika zako zina tundu la hewa nyuma, liache lipumue angalau sentimita 10, au uzibe tundu hilo kwa sponji, hata soksi safi iliyokunjwa inafaa. Besi itaanza kupungua mapema lakini itashuka taratibu, na ukuta utaijazia kiasi. Kwa spika iliyo karibu na ukuta, mara nyingi hiyo ni nafuu kubwa.

Kuhusu mapazia na zulia, niseme kwa kifupi. Zulia kati yako na spika husaidia, na mahali ambapo mtu akipitisha kioo kwenye ukuta wa pembeni ukaiona twita ukiwa umekaa, pafaa kitu kinene au kabati la vitabu. Vitu hivi hutuliza sauti za kati na za juu. Haviifikii besi, na sponji nyembamba zinazouzwa kama dawa ya kila kitu hazigusi mngurumo wako hata kidogo. Amplifaya yako ikiwa na marekebisho ya sauti, punguza kidogo pale panapovimba. Usijaribu kujaza shimo, maana unachoongeza kinafutwa na ukuta pale pale na koni inachoka bure.

Ukishafanya haya yote na bado ukatamani besi ya chini zaidi, tamaa hiyo ni halali, na hapo ndipo tunaweza kuzungumza juu ya kununua. Kuna sheria ambayo watengenezaji huihusisha na J. Anton Hofmann, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH mwaka 1957: kasha dogo, besi ya chini, na kulia kwa nguvu kwa umeme mdogo, utapata mawili, la tatu utalikosa. Sababu iko kwenye mwendo wa koni. Kushuka oktava moja, yaani mitetemo kuwa nusu, kwa ukubwa ule ule wa sauti, koni inabidi isafiri mara nne zaidi. Koni ya sentimita 13 inafika mahali haina tena pa kwenda. Kwa hiyo anayetaka hezi 30 kwenye chumba kama chako ni heri aongeze sabufa moja ndogo (spika ya besi pekee), aiachie sauti zilizo chini ya hezi 80 hivi na spika zibaki na za juu yake, kuliko kununua spika ndefu. Faida yake kubwa ni kwamba besi unaiweka panapoifaa na spika unaziweka panapomfaa mwimbaji. Pa kuiweka utapapata kwa kuiweka sabufa kwenye kochi, kisha upige magoti na kutambaa kando ya kuta ukisikiliza. Noti za besi zinapolingana kuliko kwingine, hapo ndipo nyumbani kwake.

Lakini udogo si aibu. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilibuni katika miaka ya 1970 spika iitwayo LS3/5A kwa ajili ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo. Kasha lake ni la lita 5 hivi, halina tundu, na sauti ya binadamu ndiyo iliyokuwa kipimo chake. Mpaka leo watu wanazitafuta. Siku ukichagua spika nyingine, fuata mkondo huo: nenda na rekodi ya mtu unayemjua sauti, msikilize ukiwa katikati, kisha sogea pembeni. Sauti ikibadilika rangi ghafla ukisogea, iache, kwa sababu sehemu kubwa ya unachosikia nyumbani ni ile iliyotoka pembeni ikagonga kuta. Hakikisha zinazolinganishwa zinalia kwa kiwango kimoja, maana iliyozidi hata desibeli 1 hupendeza bila kustahili. Na omba kuzijaribu nyumbani kabla ya kulipa, au uwe na haki ya kuzirudisha.

Kuna dalili ambazo hazitibiki kwa kusogeza, na hizo mpelekee fundi aliye karibu nawe. Koni inakwaruza hata sauti ikiwa chini. Twita imenyamaza. Upande mmoja unakatika: hapa badilishana nyaya za kushoto na kulia kwanza, ubovu ukihama ni wa amplifaya au chanzo, ukibaki ni wa spika. Amplifaya inayonuka kuungua au inayokupiga shoti ukigusa bati lake ichomoe ukutani na usiiwashe tena mpaka ifunguliwe na anayejua. Na kama hata watu wanaozungumza nawe ana kwa ana wanasikika wamefunikwa, au masikio yanalia ukiwa kimya, acha spika, nenda ukapimwe masikio.

Ukimaliza jioni yako, niandikie tena ukiwa na vipimo vitatu: uso wa spika hadi ukuta wa nyuma, spika hadi ukuta wa pembeni, na masikio yako hadi ukuta ulio nyuma yako. Niambie pia ni noti ipi bado inavimba, na kimo cha dari, maana hicho hukunitajia nacho kina noti yake.